Kundi lilibaki na watu, wasemaji wakahama

Kwenye simu yangu bado lipo kundi la WhatsApp la mashabiki wa Dodoma Jiji. Lina picha ya kichala cha zabibu, lina wanachama zaidi ya mia tatu, na Ijumaa iliyopita liliwekewa ratiba ya mechi. Chini ya ratiba hakuna kitu. Hakuna swali, hakuna kejeli, hakuna hata dole gumba. Watu hao hawajafa wala hawajaacha mpira. Wengi nawajua kwa sura, na muda huu ninaoandika wanabishana vikali kuhusu beki wa kushoto. Wanabishania kwingine.

Ukiwauliza kwa nini walihama, watakujibu kwa kuinua kiganja na kutanua vidole vyote. Maana yake ni Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, siku Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Ndilo jibu linalozunguka vijiweni, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, na kwa kweli lina raha yake kulisimulia. Mimi nilikuwa ndani ya kundi la zamani tangu siku zake za kwanza, na nikaingia jipya kabla halijatimiza wiki. Ninachokiona ni kwamba zile tano zilikuwa upepo tu. Ukuta ulishaliwa na mchwa.

Sitataja jina la kundi lolote wala la mtu. Aliyelianzisha la zamani nitamwita Katibu, kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Mama aliyeshika michango nitamwita Mama wa Daftari. Wale wawili wa kundi jipya hawana haja ya jina. Inatosha kujua kwamba mmoja ni Simba na mwenzake ni Yanga, na mtaona baadaye kwa nini hilo ndilo la muhimu.

Mizigo

Kundi lilizaliwa mwaka 2020, Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu. Wakati huo jiji lenyewe lilikuwa na miaka miwili tu ya kuitwa jiji, tangu tangazo la tarehe 26 Aprili 2018, na mitaa ilikuwa imejaa watu wapya. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na watumishi wakashuka na familia, makabati na timu zao za Dar es Salaam. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 410,956. Ile ya 2022 ikawakuta 765,179. Kwa hiyo timu ya jiji kucheza Ligi Kuu kulikuwa na maana mbili. Mzee wa Chang'ombe aliyewahi kuishangilia Polisi Dodoma aliona mkoa umerudi mezani. Mtumishi wa Kisasa aliyehamishwa bila kuulizwa alipata kitu cha kwanza cha kuliita jiji hili "kwetu". Wote wawili waliingia kundi moja.

Kundi la WhatsApp siku hizo halikupokea zaidi ya watu 256. Letu likajaa upesi, na waliobaki nje wakawa wanamsumbua Katibu kila jioni. Dawa aliyoipata ilikuwa kutoa watu ili aingize wengine. Kigezo chake: asiyesema chochote kwa mwezi mzima ni mzigo. Mwisho wa mwezi ungemwona anafagia. "Kaka fulani ametolewa. Dada fulani ametolewa." Sisi wenye midomo tulicheka.

Nilikuja kukutana na mmoja wa hao mizigo, dereva wa bajaji. Alikuwa amekata tiketi ya kila mechi ya nyumbani msimu ule, na aliwapeleka uwanja wa Jamhuri abiria ambao bila yeye wasingefika. Kundini alikuwa anasoma usiku akirudi, basi. Hakuona sababu ya kuandika "vizuri sana" chini ya kila tangazo ili apate kibali cha kukaa. Alitolewa, akaomba, akarudishwa, akatolewa tena. Mara ya tatu hakuomba.

Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha kiwango hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ikafika 1,024. Sababu ya kufagia ikaisha. Ufagio haukuwekwa chini. Desturi ikishakaa mkononi mwa mtu haiulizi tena ilianzishwa kwa sababu gani, na Katibu, ambaye kwa asili ni mtu wa mafaili na mihuri, alikuwa ameanza kuona kundi safi kuwa ndilo kundi zuri.

Mapenzi mawili

Asiyeujua mpira wa mikoani atashangaa nikisema kwamba mashabiki wa Dodoma Jiji, karibu wote, ni wa timu nyingine pia. Mtu ni Walima Zabibu, ndivyo tunavyoiita Dodoma Jiji, na ni Simba. Au ni Walima Zabibu na ni Yanga. Haoni tatizo lolote, kama asivyoona tatizo kuwa na kwao kwa baba na kwao kwa mama. Tatizo linakuja siku timu ya Kariakoo, yaani Simba au Yanga, inapokuja Jamhuri. Siku hiyo mtu uliyekaa naye jukwaani wiki mbili zilizopita mkiimba pamoja, unamwona upande wa pili amevaa njano, hakutazami usoni.

Katibu lilimuuma sana hili. Alikuwa amelisema miezi kabla ya zile tano, na mimi ni shahidi: alitaka kundi la mashabiki wa Dodoma Jiji liongelee Dodoma Jiji. Alihesabu, akatuonyesha kwamba siku za kawaida ujumbe mmoja wa timu yetu ulizungukwa na lundo la "utopolo" kwa Yanga na "makolo" kwa Simba. Tangazo la basi la kwenda kwenye mechi ya ugenini lilizama chini ya stika. Watu waliachwa na basi, kweli kabisa, kwa sababu ya stika.

Kwa hiyo wanaosema Katibu alipiga marufuku utani kwa sababu yeye ni Simba aliyefungwa, wanamwonea. Ni Simba, ndiyo. Lakini ugonjwa aliokuwa anautibu ulikuwepo.

Kosa lake ni kwamba hakuona utani ule ulikuwa unafanya kazi gani. Dodoma Jiji inacheza mara moja kwa wiki, wakati mwingine ligi inasimama wiki tatu. Siku zilizobaki watu wanaongea nini? Huwezi kuwaweka mamia ya watu chumba kimoja, ukawaambia wangoje Jumamosi. Utani ndio uliowafanya wafungue kundi kila asubuhi, na kwa kuwa walikuwa wamefungua, waliona tangazo la msiba, waliona mwenzao anauza kiwanja Ihumwa, waliona kikosi cha leo. Kelele ndiyo iliyokuwa inaubeba ujumbe. Msibani kwetu mtani huja kufanya fujo, kulala kaburini, kudai pesa, na wageni hudhani ni mwendawazimu. Ukimfukuza utapata msiba wenye adabu, na jioni utatafuta wa kuchota maji umkose.

Wiki moja ya Novemba

Mechi ilianza saa 11 jioni uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, Musonda wa Yanga kafunga, Kibu wa Simba kasawazisha, na kundi lilikuwa na amani ya watu wanaoogopana. Kipindi cha pili Maxi akaiwekea Yanga la pili. Kisha Aziz Ki. Kisha Maxi tena. Pacome alipopiga penalti ya bao la tano, simu yangu ilikuwa ya moto mkononi na chaji inashuka kama ndoo iliyotoboka. Vidole vitano vya kila rangi, kiganja cha mtoto, kiganja cha sokwe, mkungu wa ndizi tano. Usiku wa manane bado zinaingia.

Jumatatu asubuhi Katibu alifunga kundi. Kile kitufe kinachofanya admini pekee waweze kutuma, ambacho WhatsApp ilikileta mwaka 2018, alikibonyeza kabla ya saa 2. Akaweka tangazo refu lenye namba: kuanzia leo Simba na Yanga ni mwiko, atakayekiuka anatoka bila onyo, kundi litafunguliwa siku za mechi za Dodoma Jiji tu. Na kabla hatujameza hilo, akatoa watu. Walikuwa vijana wachache wa Yanga waliozidi. Wa Simba waliowajibu kwa matusi walibaki. Sidhani alikusudia upendeleo. Nadhani alianza juu, akachoka njiani. Lakini kundi halisomi nia ya mtu, linasoma orodha.

Hapa niungame. Asubuhi ile nilimwandikia pembeni: "Katibu, umefanya la maana, tulizidi." Nilimaanisha. Siku ya nne nikatumiwa kiungo cha kundi jipya, nikaingia, wala sikumwambia.

Lile jipya lilianzishwa na kijana wa Yanga aliyetolewa, na jambo la busara alilofanya, la pekee kwa maoni yangu lililoamua kila kitu, ni kumtafuta Simba mmoja mwenye mdomo mchafu kuliko wote na kumpa uadmini siku hiyohiyo. Angeanzisha peke yake lingekuwa kundi la Yanga wa Dodoma, na makundi hayo yapo mengi, halingemtikisa Katibu. Kwa kuwa waliingia wawili, watu wa pande zote walipata wa kumcheka na wa kuwatetea.

Kuhama kusikoonekana

Watu wanadhani kundi likifa linakufa kwa kishindo, mlolongo wa "amelefti, amelefti". Letu halikuwa hivyo. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu mtu kuondoka kimyakimya, anajulishwa admini peke yake. Na wengi wetu hatukuondoka hata hivyo. Tulinyamazisha. Tukaliweka kwenye kumbukumbu za chini kabisa, tukaendelea kuhesabiwa.

Ndiyo maana Katibu alichelewa kujua. Alikuwa anaangalia idadi, na idadi ilikuwa inashuka mmoja mmoja, kitu cha kawaida. Akifungua kundi siku ya mechi, watu kumi na tano wanaandika "kila la heri vijana wetu", anafunga. Kwake yeye utulivu ule ulikuwa ushindi. Mwaka mzima ulipita akidhani ameponya mgonjwa.

Na sisi nasi tusijisifu. Kwa miezi kadhaa kundi jipya lilikuwa la porojo tupu. Kikosi cha siku, bei ya tiketi, saa ya basi, vyote tulivipata kwa Katibu, tunavichukua huko na kuvileta huku. Tulikuwa tunakula kwa mama na kulala kwa baba mdogo. Hali ile ingeweza kuendelea miaka.

Ajali

Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirudi kutoka Ruangwa ilikocheza na Namungo. Hakuna aliyefariki, lakini waliumia, na mechi na Simba iliyokuwa inafuata iliahirishwa. Hayo tunayasema leo kwa utulivu. Siku yenyewe hakuna aliyejua chochote zaidi ya picha ya basi.

Kundi la zamani lilikuwa limefungwa. Katibu alikuwa safarini, mtandao unakatika. Saa zikapita. Mama wa Daftari, ambaye hakuwahi kujali Simba wala Yanga na hakuwa hata amehama, aliandika kuuliza kama vijana wako salama. Akakuta pale chini pa kuandikia pamejazwa maneno kwamba admini pekee ndio wanaoruhusiwa. Alinieleza baadaye, akiwa kwenye genge lake karibu na Sabasaba, mwiko mkononi: "Mwanangu, nilijisikia kama nimefika kwangu nikakuta kufuli."

Kundi jipya siku ile lilikuwa soko. Taarifa za uongo zilipita, sauti ya mtu asiyejulikana ilipita na kuwatia watu kilio. Lakini ndani ya fujo hiyo mmoja alikuwa na shemeji anayeendesha lori njia ya kusini, mwingine akampigia mtu anayemjua Lindi, na yule admini wa Simba, yule wa mdomo mchafu, alikaa na simu akifuta kila kilichothibitika kuwa uongo na kuandika "hii si kweli, wekeni subira". Hakuna aliyetaja Kariakoo hadi usiku. Mpwa wa Mama wa Daftari akamuunganisha mchana uleule.

Tangazo la Katibu lilikuja jioni. Lilikuwa sahihi, lenye lugha ya heshima, halina kosa hata la nukta. Wakati huo watu walikuwa wameshajua, wameshalia, na wameshapoa.

Kama ningelazimika kuonyesha siku kundi la zamani lilipokufa, ningeonyesha hiyo na kuacha Novemba. Wenye midomo wakihama, kundi linapoa, lakini linaweza kupashwa moto tena. Mama wa Daftari akihama, anahama na rambirambi. Michango ya misiba ilikuwa inapita kwenye simu yake. Anayefiwa alikuwa anakwenda kwake. Mwezi mmoja baada ya ajali mwenzetu wa Ipagala alifiwa na mkewe, na tangazo la mchango likatoka kundi jipya tu. Wazee waliokuwa wamekataa kata kata "kundi la wahuni" waliomba kuunganishwa wiki hiyo. Mtu anaweza kukosa utani. Kukosa jina kwenye orodha ya msiba wa mwenzako, mji huu, ni deni linalokufuata.

Tulichokiacha

Kundi jipya halina kumbukumbu. Wakati tunahama, aliyeingia WhatsApp alianza na ukurasa mweupe, haoni kilichosemwa kabla yake. Kijana mmoja wa chuo alishauri twende Telegram, ambako mgeni anaweza kuona mazungumzo ya nyuma na kundi linabeba hadi watu 200,000. Ushauri mzuri, ulikufa kwa siku moja. Wazee hawakutaka programu ya pili, na mama zetu wanajua WhatsApp kama wanavyojua njia ya sokoni.

Nani alichanga msiba gani kabla ya hapo? Nani anadaiwa jezi? Mabishano hayo yangeweza kutuvunja mara ya pili, na kilichotuokoa ni daftari la kaunta lenye madoa ya mafuta ya kula. Yule mama alikuwa anaandika kila kitu kwa kalamu tangu 2020, kwa sababu hakuwahi kuiamini simu. Kila mara naona vijana wanabishana programu ipi ni bora, namkumbuka.

Kuna kisichokuwa kwenye daftari. Mzee mmoja, sasa ni marehemu, alikuwa anaturekodia sauti usiku, dakika nne, tano, akisimulia mechi za zamani za mkoa huu, nani alikuwa anapiga kichwa vipi, golikipa gani alikuwa anaingia uwanjani anasali Kigogo. Sauti zile ziko kule nyuma kwenye kundi la zamani. Nilizitafuta. Nyingi nilikuwa nimezifuta kupunguza uzito wa simu, na niliowauliza nao walifanya vivyo hivyo. Nimepata mbili.

Kariakoo imefungwa

Isidhaniwe tulihamia peponi. Miezi michache tu, wauza mikeka ya kubeti walijaa: "odi za uhakika, lipa ukishinda". Viungo vya mikopo vikafuata. Na stika zile zile zilizomwangusha Katibu zikaanza kufunika matangazo yetu wenyewe. Nilitegemea kuona ufagio umerudi, mkono tu ndio tofauti.

Walichofanya wale wawili ni hiki. Wa Simba anawatoa Simba tu. Wa Yanga anawatoa Yanga tu. Mtu akizidi, anashughulikiwa na wa kwake, kwa hiyo hakuna wa kulia kwamba kaonewa na mtani. Wakati mwingine unamwona admini wa Yanga anambembeleza mwenzake: "Kaka, huyo wako msamehe bwana, bila yeye tutacheka nini?" Na saa mbili kabla ya mechi ya Dodoma Jiji mmoja wao anaandika maneno mawili: "Kariakoo imefungwa." Hadi filimbi ya mwisho hakuna Simba, hakuna Yanga. Baada ya hapo kila mtu na vidole vyake.

Kwa maneno mengine, wamekubaliana na Katibu. Dodoma Jiji ipewe nafasi yake, utani usiwafukie watu. Tofauti ni kwamba wao waliupa utani saa, yeye aliunyima uhai.

Siku Simba au Yanga wanapokuja Jamhuri, kanuni hiyo haifanyi kazi, kwa kuwa huwezi kuifunga Kariakoo ikiwa ndiyo iliyo uwanjani. Wamejaribu kuliacha wazi, pakawa na matusi. Wamejaribu kulifunga, Simba na Yanga wakaenda kutukanana kwenye status. Hilo hawajalipatia dawa na sidhani ipo. Liko ndani ya mioyo ya watu wenyewe.

Katibu hajajiunga. Nilimgusia mara moja tulipokutana benki, akanisalimia Kigogo, "Mbukwenyi, mdogo wangu, mimi na zile fujo hapana," tukaongea habari za mvua. Lakini kila Ijumaa anaweka ratiba kule kwake: tarehe, saa, uwanja, kituo cha basi, na mabadiliko yote ya mwisho, yote sahihi, kuliko mtu yeyote wa kwetu anavyoweza. Dakika chache baadaye kuna mtu huifowadi kwenye kundi jipya. Hajaandika jina la aliyeitoa, na hakuna anayeuliza.